Jinsi Nilivyofanikiwa Kumvua Samoni wa Chinook katika Ziwa Michigan

Nilitamani kuvua samoni katika Ziwa Michigan kwa muda mrefu, lakini sikuwa na boti, na ziwa ambalo kina chake hufika mita 281 si la kuingia kwa kubahatisha. Niliamua kukodi boti pamoja na nahodha wake mjini Ludington, kwenye ufuko wa mashariki, mwezi wa Agosti, wakati ambapo Chinook waliokomaa hukusanyika karibu na pwani kabla ya kupanda Mto Pere Marquette kwenda kutaga mayai.

Kabla ya kulipa nilihakikisha kwamba nahodha ana leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, ambayo kwa boti ndogo za aina hii humruhusu kubeba abiria wasiozidi 6. Nilimwuliza pia angefanya nini upepo ukichafuka, naye akajibu kwamba tungebaki bandarini. Jibu hilo lilinipa imani kuliko picha zote za samaki alizonionyesha. Leseni ya uvuvi ya jimbo la Michigan, inayotakiwa kwa kila mvuvi kuanzia umri wa miaka 17, nilinunua ya siku moja.

Tulitoka kabla ya mapambazuko, na jambo la kwanza alilolifanya nahodha ni kuteremsha kipimo cha joto. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika uvuvi huu mtu hutafuta maji kwanza, samaki baadaye. Chinook hupendelea maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi za Selsiasi, na wakati wa kiangazi maji hayo hujificha chini ya tabaka la juu lenye joto. Upepo wa kaskazini uliokuwa umevuma tangu jana yake ulikuwa umeyasukuma maji ya juu mbali na ufuko, maji baridi yakapanda kuchukua nafasi yake, kwa hiyo hatukulazimika kwenda mbali. Msaidizi wake aliteremsha mishipi kwa tufe nzito za madini ya risasi hadi kina chenye maji hayo baridi, kila mshipi ukiwa umebanwa kwa kishikizo kinachouachia samaki anapouma, na nyuma yake chambo cha bati chenye umbo la kijiko. Mshipi mmoja aliushusha karibu na sakafu ya ziwa kwa ajili ya samaki aitwaye trauti wa ziwa.

Trauti huyo ndiye mwenyeji wa hapa. Uvuvi uliokithiri na mnyonyaji damu aitwaye lamprei walimmaliza kufikia miaka ya 1950, na samaki mdogo wa Atlantiki aitwaye alewife akaongezeka bila wa kumla. Ndipo jimbo la Michigan likapandikiza samoni aina ya koho mwaka 1966 na Chinook mwaka 1967. Hadi leo Chinook humfuata alewife, na ndiyo maana nahodha hakuacha kutazama makundi ya samaki wadogo kwenye skrini ya kifaa cha kutambua samaki.

Ufito wa kuvulia ulipofyatuka, nilikabidhiwa. Samaki aliondoka na mshipi mrefu sana, na nahodha akaniambia kwa utulivu, "Mwache aende, bwana, usikaze breki." Nilishikilia ufito juu, nikaacha uzito wake umchoshe, na kila alipopumzika niliuinua taratibu, kisha nikaushusha ufito huku nikikunja mshipi, bila kuuruhusu ulegee hata kidogo, kwa kuwa mshipi ukilegea ndoana huchomoka. Alipofika kando ya boti alikimbia tena mara mbili. Hatimaye msaidizi alimtanguliza kichwa ndani ya wavu, na furaha niliyoipata siwezi kuificha: alikuwa na kilo zipatazo 8, ubavu wake ukiwa umeanza kupoteza rangi ya fedha.

Safari ijayo nitakwenda mwezi wa Aprili upande wa kusini, katika jimbo la Indiana, ambako maji hupata joto mapema na koho huja karibu na uso wa ziwa, mahali ambapo tufe za risasi hazihitajiki sana.