Konzi Mbili za Turituri

Jana mtoto aliteremsha ukutani kayamba, ala ya muziki ya matete yenye mbegu ndani, akaliinamisha, mbegu moja nyekundu yenye doa jeusi ikadondoka sakafuni. Niliiwahi kabla hajaitia mdomoni, maana turituri ikitafunwa ni sumu kali. Akauliza, "Humo ndani zimebaki ngapi?" Swali hilo likanirudisha Kaloleni, mchana ule nilipompelekea babu kayamba langu la kwanza.

Nilikuwa nimelisuka kwa siku tatu. Matete niliyakata asubuhi nikaanza kuyafunga jioni, mabichi vile vile, na hilo peke yake ni kosa. Tete bichi likikauka hunywea, kamba ya mkonge iliyokazwa hulegea, mianya hufunguka na mbegu zikapata pa kutokea. Matete hukaushwa kivulini, kama wiki mbili hivi. Juani hupasuka, na tete lililopasuka hukwaruza badala ya kulia. Huchaguliwa ya unene mmoja, unene wa kidole cha mwisho, yakapangwa kwa kupishana: shina la hili kando ya ncha ya lile. Mashina yote yakilala upande mmoja, kayamba huwa pana huku na jembamba kule, pembe zisikae sawa hata ukaze vipi.

Yote hayo babu aliyaona kwa kutazama tu, na hakuyasema. Alilishika kwa mikono miwili, vidole gumba juu, vingine chini, akalisogeza sikioni na kuliinamisha polepole. Likatoa mlio mmoja mrefu, shhhh. Akaliinamisha upande wa pili. Shhhh ile ile.

"Limeshiba, mjukuu wangu. Mbegu hazina pa kukimbilia."

Kayamba lina vyumba viwili, vimetenganishwa na ufito wa katikati. Kila chumba nilikuwa nimekitia konzi tatu nzima, nikiamini mbegu nyingi ndiyo sauti kubwa.

Akakaa mkekani. Kwa ncha ya kisu alilegeza kamba ya pembeni, akachomoa kijiti kinachoziba, akamimina turituri zote kwenye ungo. Kisha akaanza kuzirudisha. Nusu konzi huku, nusu konzi kule, kidole kikiwa kimeziba mwanya, akainamisha: mbegu zikagonga moja moja, mfano wa matone ya kwanza juu ya makuti. Akaongeza, sasa konzi moja kila chumba. Alipoinamisha, zikateleza pamoja, zikafika ukutani pamoja. Cha! Akarudisha, na kusimamisha mkono ghafla. Cha! Katikati ya mapigo hayo, vidole gumba vikagonga ufito, tk, tk. Nilisikia mwendo wa ngoma nzima kwenye kitu nilichodhani kimeharibika.

Alililaza mkekani, akanionyesha kupitia mwanya: mbegu zilikuwa tabaka moja, zimefunika kama nusu ya sakafu. Nusu iliyobaki ni njia yao. Pigo la kayamba hutokea mbegu zikitua kwa pamoja, na bila njia haziwezi kushika kasi. Kayamb la kisiwa cha Réunion, linalopigwa kwenye muziki wa huko uitwao maloya, husukwa kwa mabua ya maua ya miwa, lakini nafasi hiyo nalo linaihitaji vile vile.

Tukafunga. Wiki chache baadaye kamba zililegea, kama nilivyostahili, nikakaza upya safu kwa safu. Mianya miwili haikuwahi kuziba sawasawa.

Jana usiku, mtoto alipolala, nililiinamisha taratibu sikioni. Chumba cha kushoto kinatua kabla ya cha kulia, kwa kadiri ndogo mno. Huenda ni mbegu moja kupungua, huenda ni matete yale mabichi. Ile iliyodondoka nimeiweka ndani ya kiberiti juu ya kabati. Jumamosi nitalegeza kamba ya pembeni, nizimimine zote kwenye ungo, mtoto ahesabu mwenyewe nikimwangalia.