Nilivyochagua injini ya roketi yangu ndogo ya mfano, Tororo, Uganda

Roketi ilipokauka rangi, binamu yangu alikuwa na jibu tayari: "Weka E, iende mbali." Injini hizi hupewa majina ya herufi na namba, kama D12-5, na E hufuata D. Ndivyo wengi wanavyodhani, kwamba herufi ya mbele zaidi ndiyo nguvu. Herufi hueleza jumla ya msukumo tu, na kila inayofuata huongeza kikomo maradufu: C huishia nyutoni-sekunde 10, D 20, E 40. Kinachoinua roketi kutoka chini ni namba inayofuata herufi, yaani wastani wa msukumo kwa nyutoni.

Nilipima roketi ikiwa imekamilika, na gundi, rangi na parachuti yake. Usipime karatasi tupu. Bomba la mwili wa roketi yangu ni lile la karatasi ngumu la katikati ya gombo la kitambaa, nililipata sokoni, na ni zito. Mizani ilisema gramu 170. Injini ya D12 ina takriban gramu 43, jumla 213, sawa na nyutoni 2.1. Kanuni ya wanaroketi ni msukumo usiopungua mara tano ya uzito, na 12 kwa 2.1 ni kama 5.7. Inapita. E9 ni nzito zaidi, kama gramu 57, halafu inasukuma kwa 9 tu: mara nne. Ingepanda taratibu, na upepo ungeilaza kabla mapezi hayajashika hewa. Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, lakini uzito haupungui kwa hilo.

Ikabaki namba ya mwisho, sekunde za kungoja kabla parachuti haijasukumwa nje. D12 huuzwa ikiwa na 3, 5 au 7. Parachuti ikitoka mapema, mwendo unaichana. Ikichelewa, roketi inakuja na pua chini. Programu ya bure ya OpenRocket ilinionyesha kilele kikifika kama sekunde tano baada ya moto kuzimika, nikachukua D12-5.

Injini hizi huhesabiwa baruti, haziruhusiwi kwenye begi la abiria wa ndege. Vibali vilinila muda kuliko hesabu yote hii.

Tulirusha asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Parachuti ilifunguka karibu kabisa na kilele, roketi ikashuka kwenye muhogo wa jirani. Binamu sasa anataka kamera ya gramu 50. Hapo D12 haifikishi mara tano, na injini yenye nguvu zaidi niliyoipata ni ya kipenyo cha milimita 29, haiingii kwenye tundu la injini la milimita 24. Itabidi nitengeneze sehemu yote ya nyuma upya.