Nilivyowafundisha Wenzangu Kutambua Mapema Jeraha la Ubongo

Katika kupokea majeruhi wa ajali za barabara ya Dodoma–Singida, kilichonisumbua kuliko uhaba wa vifaa ni fomu za rufaa zilizoandikwa "amelewa, amepumzishwa", ilhali mgonjwa alikuwa amepigiza kichwa. Dereva wa bodaboda anayenuka pombe anaweza kuwa amelewa kweli na damu ikawa inavuja ndani ya fuvu. Hivyo nilipokabidhiwa kuwafundisha wauguzi, matabibu na madereva wa magari ya wagonjwa kutoka Bahi na Chamwino, nilianzia hapo.

Nilitumia kipimo cha Glasgow cha kiwango cha fahamu, kilichotangazwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, kwa kuwa hakihitaji mashine: kufumbua macho hadi alama 4, kauli hadi 5, mwitikio wa viungo hadi 6, jumla 15 kwa aliye na fahamu kamili, na mwenye 8 au pungufu huhesabiwa kuwa mahututi. Nilisisitiza kila sehemu iandikwe peke yake pamoja na saa, kwa sababu jumla ya 12 haimwambii anayepokea kama mgonjwa ameshindwa kusema au kufumbua macho. Tena aliyeshuka kutoka 14 hadi 12 ndani ya saa moja ananitia hofu kuliko aliyebaki kwenye 12 tangu alfajiri. Muuguzi mmoja aliuliza afanyeje kwa mzee asiyejua Kiswahili. Tulikubaliana ndugu yake amuulize kwanza kwa Kigogo, ndipo kauli ipewe alama.

Baadaye tulifunga mapazia, kila mmoja akammulika mwenzake tochi kutokea pembeni ya jicho, akatazama mboni ikisinyaa. Mboni moja ikibaki pana kwa majeruhi anayepoteza fahamu, rufaa haingoji asubuhi. Nilikaa sana kwenye hali inayowadanganya wengi: majeruhi anazinduka, anaomba chai, anataka kwenda nyumbani, kumbe mshipa chini ya fuvu umepasuka na saa chache baadaye anazimika.

Madereva, ambao nadhani husahaulika mno katika mafunzo haya, walijifunza kutuliza shingo, kuangalia upumuaji na kuuliza walioshuhudia kama majeruhi alizimia. Siku hizi fomu nyingi zinanifikia zikiwa na alama tatu na saa zake. Zinazofika pungufu hutoka hasa zamu za usiku, kwa watumishi waliohamia karibuni, nao ndio ninaowaandalia awamu ijayo.