Kamisheni ya wakala wa mnunuzi Marekani: nani anailipa?

Ukitafuta nyumba ya kununua Marekani siku hizi, wakala wako atakupa mkataba wa kusaini kabla hajakuonyesha hata nyumba moja. Wengi husaini wamesimama, macho yakiwa kwenye nyumba. Tafadhali usifanye hivyo. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama kamisheni yake inaweza kutoka mfukoni mwako.

Kwa miaka mingi muuzaji alikubaliana na wakala wake kamisheni ya jumla, mara nyingi asilimia 5 au 6 ya bei, kisha wakala huyo akamgawia mwenzake wa upande wa mnunuzi. Mgawo ulitangazwa kwenye MLS, mfumo wa mawakala wa kuorodhesha nyumba zinazouzwa. Mnunuzi akaambiwa huduma ni bure, ilhali gharama ilikuwa imeshaingia kwenye bei. Oktoba 2023 mahakama ya Kansas City, Missouri, iliamua katika kesi ya madai kwamba chama cha mawakala cha NAR kilikula njama kuzipandisha kamisheni. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake, na mabadiliko yakaanza tarehe 17 Agosti 2024.

Sasa mgawo hauruhusiwi kutangazwa kwenye MLS. Mkataba wako na wakala lazima utaje kiwango kinachoeleweka, kiwe asilimia au kiasi maalumu cha dola, na useme wazi kwamba kamisheni inajadiliwa wala haikupangwa na sheria. Kwa hiyo jadili. Ukisaini asilimia 2 na muuzaji akatoa 3, wakala wako anachukua 2 tu. Ukisaini 3 na muuzaji akatoa 2, ile 1 iliyobaki inaweza kuwa deni lako. Angalia pia muda na eneo la mkataba: usikubali miezi sita na jimbo zima kwa mtu ambaye hujaona kazi yake. Kwenda mwenyewe siku nyumba inapofunguliwa kwa watu wote hakuhitaji mkataba wowote.

Muuzaji bado anaweza kulipa, ila sasa inabidi aombwe, na mahali pa kuomba ni ndani ya ofa yenyewe. Tuseme nyumba ni dola 300,000, unatumia mkopo wa FHA, yaani uliowekewa bima na serikali, na wakala wako ni asilimia 2.5. Malipo ya awali ya asilimia 3.5 ni dola 10,500. Muuzaji akikataa, unaongeza 7,500 taslimu, kwa sababu kwa kawaida benki haitaingiza kamisheni hiyo kwenye mkopo wako. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hukwama: mshahara unatosha, akiba haitoshi.

Njia inayotumika sana ni kupandisha ofa hadi 307,500 kwa sharti kwamba muuzaji alipe 7,500. Malipo ya awali yanapanda kwa dola 262.50 tu, na kiasi kingine unakilipa polepole pamoja na riba. Hatari iko kwa mthamini. Akisema nyumba ina thamani ya 300,000, benki inakopesha kwa hesabu ya 300,000, yaani 289,500, na wewe unatakiwa kuleta dola 18,000. Mpango huu ufanye tu pale nyumba za jirani zilizouzwa karibuni zinapoitetea bei hiyo, na ofa iwe na kifungu cha kukutoa uthamini ukishuka.

Maneno ya ofa nayo yana uzito. Andika kwamba muuzaji atalipa kamisheni ya wakala wa mnunuzi, usiandike “msaada wa gharama” kwa jumla. Msaada wa jumla huhesabiwa ndani ya kikomo cha msaada ambao benki inamruhusu muuzaji kukupa, ambacho kwa FHA ni asilimia 6 ya bei. Kamisheni anayoilipa muuzaji moja kwa moja kwa desturi ya eneo haihesabiwi humo.

Nyumba mpya za wajenzi zina mtego wake. Wajenzi wengi humlipa wakala wa mnunuzi, lakini hutaka awe nawe ziara ya kwanza kabisa. Ukienda peke yako Jumamosi na kuandikisha jina, wanaweza kukataa kumlipa baadaye, na mkataba wako naye bado unakudai.

Angalau siku 3 za kazi kabla ya kufunga mauziano, benki lazima ikupe taarifa ya mwisho ya gharama. Fungua ukurasa wa pili, tafuta mstari wa kamisheni, uone kiasi kimewekwa safu ya muuzaji au yako. Kama hakilingani na ofa mliyosaini, piga simu siku hiyo hiyo.