Mabua niliyoyafukia

Msimu uliopita nilifanya kosa ambalo jirani yangu hapa Kampemba, Lubumbashi, hachoki kunikumbusha. Mwezi wa kumi, yeye alipokuwa akichoma mabua yake kama kila mwaka, mimi niliyafukia yangu chini ya matuta, nikiamini kwamba kila kinachooza hurutubisha. Mahindi yakachipuka vizuri mvua zilipokolea, kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, ilhali ya jirani yalikuwa ya kijani.

Kiangazi chote mabua yale yalilala bila kuoza. Bakteria na kuvu humeng'enya chakula nje ya miili yao: humwaga vimeng'enya, kisha hufyonza kilichoyeyuka, na bila maji kazi hiyo haiendi. Mvua iliponyesha waliamka wote kwa pamoja, na hapo ndipo penye hesabu ambayo sikuwa nimeipiga. Kilo 100 za mabua makavu zina takriban kilo 40 za kaboni, lakini nitrojeni yake, kirutubisho ambacho mmea ukikikosa majani hugeuka manjano, kwa kawaida haifiki hata kilo moja. Vijidudu huimaliza sehemu kubwa ya kaboni hiyo kwa kupumua. Tuseme theluthi moja hubaki kujenga miili yao, ambayo hudai kilo moja ya nitrojeni kwa kila kilo nane hivi za kaboni. Walihitaji basi zaidi ya kilo moja na nusu. Kilichopungua walikichota kwenye udongo, na kwa kuwa wametapakaa kuliko mizizi michanga, mahindi yangu yaliambulia makombo.

Nitrojeni hiyo haikupotea, kwani hurudi udongoni vijidudu wanapokufa au kuliwa na wenzao. Mahindi yalirudia ukijani mwezi wa pili, yakiwa yamechelewa kubeba. Nilipofukua tuta moja, moyo laini wa mabua ulikuwa umekwisha, lakini ganda la nje, lenye lignini nyingi, ile dutu ngumu ya mimea isiyooza upesi, lilikuwa bado limeshikana, limetandwa na nyuzi nyeupe za kuvu.

Hata hivyo sijamwiga jirani, maana moto huirusha hewani karibu nitrojeni yote ya mabua. Mwaka huu nimeyakatakata na kuyapanga shimoni kwa tabaka, pamoja na majani ya maharagwe na mbolea ya kuku ili vijidudu wapate nitrojeni humo humo, nikiyanyunyizia maji. Juzi alfajiri, katika baridi hii ya mwezi wa saba, shimo lilikuwa likifuka mvuke kwa joto la vijidudu, na jirani akaniuliza kupitia uani kama hatimaye nami nimeanza kuchoma.