Nani Alikuwa Amekula

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu. Shirika lao linaomba msaada wa mashine za kushona, na wanaoombwa wanataka kuona historia yake, ukurasa mmoja tu. "Wewe ndiye ulikuwa mwandishi wetu wa kwanza," akasema. "Andika tulianza lini, tulikuwa wangapi, na sasa tuko wangapi." Ukurasa huo niliumaliza kwa saa moja. Haya ninayoandika hapa ni yale yaliyobaki nje.

Kabla ya kuwa na ofisi ya chumba kimoja na kibao mlangoni, lilikuwa kelemba tu. Akina mama ishirini wa Murara, hapa Goma, walikutana kila Jumapili baada ya misa. Kila mmoja alitoa dola moja, na mmoja kati yao akaondoka na dola ishirini. Siku hiyo tulisema fulani "amekula". Aliyekwisha kula alibaki na deni la kuwalisha wenzake mpaka mzunguko uishe, na kelemba nzima ilisimama juu ya deni hilo. Kwa dola ishirini Mama aliweza kushuka Kituku, soko la ziwani, kungoja mitumbwi na kununua maharagwe ya jumla badala ya kuyachukua kwa mkopo kwa mama wa jumla aliyempunja kila wiki.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa pili wa sekondari, na mwandiko mzuri. Mama hajui kusoma, na wengi wa wenzake vilevile. Nikapewa daftari la kurasa mia moja lenye jalada la kijani. Safu ya kwanza majina, ya pili tarehe, ya tatu msalaba kwa aliyekula. Malipo yangu yalikuwa mandazi mawili. Nilijiona waziri wa fedha.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, ardhi ilikuwa imetikisika mara nyingi tangu asubuhi, na upande wa Nyiragongo, volkano yetu, moshi ulipanda kutoka mahali ambapo hatukuzoea kuuona. Wazee walikuwa wakisimulia habari za 1977, wakati lava ilipokimbia kama maji, lakini walizisimulia kama habari za watu wengine. Alasiri jirani yetu mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, alipita akisukuma godoro, sufuria na mama yake mzazi juu ya chombo kimoja. Ndipo Mama aliposema tuondoke. Mdogo wangu akafungwa mgongoni, nusu gunia la maharagwe likapanda kichwani. Akanigeukia mlangoni: "Chukua daftari."

Daftari lilikuwa juu ya kabati. Kando yake palikuwa na buletini yangu, ripoti ya shule ya mwaka uliotangulia, ambapo nilishika nafasi ya pili darasani. Mkono wangu ulikwenda kwenye buletini. Nimejaribu miaka mingi kujitetea kwamba nilikusudia kuchukua vyote viwili, kwamba watu walikuwa wakipiga kelele nje, kwamba giza lilikuwa limeingia ndani kwa sababu ya moshi. Ukweli ni kwamba niliikunja buletini vizuri, nikaitia katika mfuko wa shule, nikatoka.

Tulipita barieri ndogo, mpaka wa kuingia Rwanda, pamoja na mji mzima, nadhani hakuna Mgoma wa umri wangu anayehitaji kuelezwa umati ule. Tulilala Gisenyi katika uwanja wa shule. Usiku anga la upande wetu lilikuwa jekundu kama jiko la makala linalopepewa. Mama aliuliza mara moja tu: "Daftari liko?" Nikasema liko mfukoni. Akalala ameuweka mfuko huo chini ya kichwa chake.

Jumamosi tulirudi, kama walivyorudi maelfu. Huko walikokuwa wakitaka kutupeleka kambini hapakuwa na biashara wala ndugu. Lava ilikuwa imekatiza mji toka uwanja wa ndege hadi ziwani. Juu ilikuwa imeganda, nyeusi, na katika nyufa bado ungeona wekundu. Watu waliivuka wakiruka, soli za kandambili zikinata. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limeungua, zimebaki kuta. Watu wapatao 120,000 hawakuwa na nyumba, nasi tukiwa miongoni mwao: mahali petu palijulikana kwa bati moja lililochomoza kama sikio.

Jumapili, tarehe 20, Mama Prezida akatuma watoto kuita watu wa kelemba. Wakaja kumi na wanne, wakakaa juu ya mabidoni ya maji kando ya barabara, mahali ambapo moto haukufika. Wengine walikuwa bado Gisenyi au wamekimbilia upande wa Sake. Hakuna aliyekuwa na dola. Swali lilikuwa moja. Mzunguko ulikuwa umefika wiki ya kumi na mbili: kumi na mbili walikuwa wamekula, wanane bado. Je, wanane hao wamepoteza?

"Tufungue daftari," akasema Mama Prezida.

Mama akauvuta mfuko, akaingiza mkono. Nilimwona akipapasa, akitoa kalamu, akitoa rula, kisha akatoa ile karatasi iliyokunjwa. Akaikunjua. Hajui kusoma, lakini muhuri wa shule anaujua. Ndiye aliyeipokea siku ile na kuizungusha mtaa mzima. Akaitazama kwa muda. Mimi nikasema, kwa sauti isiyokuwa yangu: "Daftari liliungua."

Kiswahili chetu kina huruma. *Liliungua.* Hakuna aliyelichoma, hakuna aliyeliacha. Akina mama wakaguna pamoja kwa masikitiko, kama kwa msiba. Mama peke yake hakuguna. Akaigeuza buletini upande wake mweupe, akaiweka juu ya bidoni mbele yangu, akanipa kalamu.

"Andika hapa."

Mama Prezida akaanza na yeye mwenyewe. "Mimi nilikula. Wa pili." Nikaandika. Mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye mikopo yake yote ilikuwa imeungua sokoni, na ambaye angeweza kunyamaza, akasema: "Mimi Jumapili iliyopita. Hazijapoa hata mkononi. Andika." Mwingine hakukumbuka wiki, akakumbuka kwamba siku aliyokula ndiyo mvua ya mawe ilitoboa bati la jirani, na hapo wanne wakasema kwa pamoja: wiki ya tano. Wawili waligombania wiki ya saba, wakagombana kwelikweli, mpaka wa tatu akawauliza matanga ya mzee fulani yalikuwa lini na nani alinunua sukari ya matanga hayo. Mmoja akacheka, akakubali kuwa yeye ni wa nane.

Mimi mwenye mandazi yangu mawili nilikuwa nimeandika majina yale kwa wiki kumi na mbili na sikukumbuka hata matano. Mama aliyataja yote ishirini kwa mpangilio, akisahihisha, macho yake yakiwa barabarani wala si kwangu.

Kisha likaja la pesa. Kumi na wanne hao walikubaliana jambo ambalo katika ukurasa wa historia nililifanya sentensi moja, na hapa sitalifanya sentensi nyingi zaidi, kwa sababu halikusemwa kwa maneno mengi: kelemba iendelee, na kwa kuwa hakuna dola, walishwe mbao. Kila wiki kila mama alete ubao, au misumari, au mikono yake, na nyumba moja isimame. Waanze wale ambao hawajakula. Nyumba ya kwanza iliyosimama ilikuwa ya mjane mmoja, juu ya lava yenyewe, maturubai upande mmoja na mbao upande wa pili, na chini ilikuwa bado vuguvugu kiasi kwamba watoto wake walilala vizuri kuliko sisi. Sisi tulikuwa wa kumi na tisa, maana Mama alikuwa amekula mapema. Tulingoja hadi kiangazi.

Mmoja aliyekuwa amekula hakurudi kundini. Nilimwona baadaye Kituku, akageuza uso. Hakuna aliyemfuata. Jina lake lingali kwenye karatasi, na nukta niliyoiweka mbele yake.

Mengine yanajulikana. Baadaye walijifunza mtindo wa AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa na mgao mwisho wa mwaka. Wakaandikishwa, na kibao kikabandikwa chenye mwaka wa kuandikishwa, ambao mimi sikuutumia. Nyiragongo ilipolipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, sanduku ndilo lililotangulia kutoka. Na benki za mji zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, liliendelea kufunguliwa kila Jumapili. Ndani yake, chini kabisa, katika plastiki, iko buletini yangu.

Katika ukurasa niliandika kwamba shirika lilianza tarehe 20 Januari 2002, na akina mama kumi na wanne, baada ya daftari lao kuungua. Dada yangu, yule wa mgongoni, akamsomea Mama. Jioni simu ikalia.

"Umeandika daftari liliungua."

"Ndiyo, Mama."

Nilisikia pikipiki zikipita upande wake.

"Sawa," akasema. "Ni kweli, liliungua."