Ufa Chini ya Batian

Nimezaliwa Likoni, na baridi niliyokua nayo ni ile ya kusi. Usiku wa kwanza Mackinder's Camp, kambi ya Mlima Kenya, mita 4,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nilivaa kila nguo niliyobeba na meno bado yaligongana. Godoro jembamba juu ya ubao, kwa bei ambayo Nyeri mjini ningelala siku mbili na chai ya asubuhi juu yake. Dereva aliyenifikisha langoni naye alipandisha nauli tukiwa katikati ya msitu, mahali ambapo huwezi kushuka. Tope la mteremko na kichwa kilichoniuma siku nzima nayaacha.

Nilipanda kwa ajili ya ndege. Tangu nilipohamia Naro Moru kufundisha, mawingu yakijaa mlimani huwaona teleka wakubwa, tumbo jeupe na mkanda wa kahawia kifuani, wakishuka juu ya uwanja wa shule. Wengi huwaita mbayuwayu tu. Majirani husema wanatoka mlimani. Nikajiuliza: wanatoka, au wanapita? Mwaka 2013 watafiti wa Uswisi walionyesha kuwa teleka wa aina hii wanaohamia Afrika Magharibi huweza kukaa angani zaidi ya siku 200 bila kutua. Ndege wa namna hiyo ukimwona juu ya paa lako, bado hujajua kwake ni wapi.

Asubuhi mpagazi wangu, mzee aliyepanda mlima huu tangu ujana, aliniona nikiyapekua majabali kwa darubini.

"Mwalimu, umepoteza nini huko?"

Nilipomweleza hakucheka. "Hao wana nyumba. Twende."

Alinipeleka chini ya ukuta wa mwamba, vilele vya Batian na Nelion vikiwa vimesimama nyuma yake, akanionyesha ufa wenye michirizi myeupe ya mavi. Moyo uliruka, kisha ukatulia. Kunguru na kozi nao huchafua mwamba. Tena teleka hawezi kusimama chini. Miguu yake mifupi hushika jabali kwa kucha tu, kwa hiyo anayeingia ufani jioni huenda anatafuta pa kulala. Ilibidi nimwone akiingia mchana, atoke, arudi tena.

Tukaketi tangu saa nne. Pimbi mmoja, mnene kama paka wa msikitini, alichukua chapati yangu ya mwisho kutoka kwenye mkoba na kuilia palepale mbele yetu. Saa tano na dakika ishirini teleka alishuka kama jiwe la kombeo, akakunja mbawa, akaingia ufani. Dakika nne, akatoka. Karibu na saa sita akaja mwingine, nami nikamkosa. Darubini ilikuwa imeshika ukungu wa pumzi yangu.

"Umeliona koo?" mzee akauliza. "Limevimba. Huyo amebeba."

Nilimwangalia. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba teleka hukusanya wadudu kooni, akawafanya donge, ndipo akawapelekea makinda. Ameona kwa macho yake tu, miaka na miaka, huku mabegi ya watu yakiwa mgongoni mwake. Na katika watu wote hao, alisema, mimi ndiye wa kwanza kumwuliza habari za ndege hawa.

Kisha ukungu ukapanda bondeni na ukuta wote ukatoweka. Tulikaa hadi saa tisa tukisikia milio yao ndani ya weupe ule. Mzee aliegemeza sikio kwenye mwamba, akasema anasikia watoto. Mimi nilisikia upepo. Daftarini niliandika "huenda", sikuandika "hakika", na kalamu ilikuwa nzito.

Kwetu Likoni teleka wadogo walijenga chini ya paa la ghala la mbata, manyoya na nyasi vimegandishwa kwa mate. Bibi alitukataza kuwachokoa kwa fimbo. Hakuna aliyeuliza kama wanazaa. Makinda yalilia juu ya vichwa vyetu tukila.

Siku tatu baada ya kushuka, mawingu yalijaa na teleka wakaja uwanjani. Niliwaachia wanafunzi mpira, nikatoa darubini, nikayatazama makoo yao moja baada ya jingine mpaka kengele ikalia.